Sheria ya umri isimwadhibu asiye na kosa

Kila msimu wa michezo ya shule za upili unapowadia, mji wa Kakamega hugawanyika. Wapo wafuasi wa Kakamega School, ambayo wengi wangali wanaiita Kakamega High, na vijana wake wajulikanao kama Green Commandos. Wapo wafuasi wa Musingu, na wapo wa St Peter's Mumias. Isukuti hulia, nyimbo huimbwa, na kandanda huchezwa na vijana ambao baadhi yao huishia kuvaa jezi za vilabu vikuu vya nchi hii. Hata hivyo, kipenga cha mwisho mara nyingi huwa si mwisho wa mambo. Hapo huanza mchuano wa pili, usiochezwa kwa miguu bali kwa karatasi: nani ana umri gani, nani alihamia lini kutoka shule gani, na ni mwalimu yupi atakayewahi kukata rufaa.

Kiini cha mabishano hayo ni sheria mbili. Ya kwanza ni ukomo wa umri wa miaka 19 kwa wachezaji wa shule za upili. Ya pili ni ile ya kuitupa nje ya mashindano timu nzima inapopatikana na mchezaji mmoja asiyestahili. Walimu wa michezo huzijadili sheria hizi kwa ghadhabu, wanafunzi huzijadili kwa machozi. Yafaa tuzijadili kwa utulivu, kwani ni nadra mjadala huo kufanyika kabla ya madhara kutokea.

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaoutetea ukomo wa umri. Hoja yao ni nzito. Mvulana wa miaka 15 aliye katika kidato cha pili hana mifupa wala misuli ya kukabiliana na mtu mzima wa miaka 23 aliyejificha ndani ya sare ya shule. Akiumizwa goti, huenda asicheze tena maishani. Isitoshe, kila mtu mzima anayejipenyeza kikosini humnyima nafasi kijana ambaye michezo hii iliandaliwa kwa ajili yake. Kwa hiyo sheria yenyewe si dhuluma, na anayetaka ifutwe kabisa anawaombea wadanganyifu uwanja mpana zaidi.

Tatizo ni kwamba sheria hii hupima jambo moja tu, nayo ni tarehe ya kuzaliwa, ilhali maisha ya mwanafunzi wa Kenya hayakwendi kwa mstari ulionyooka. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikadiria kwamba mtoto aingie darasa la kwanza akiwa na miaka 6 na kumaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18 hivi. Hesabu hiyo inamwachia mwanafunzi nafasi ya takriban mwaka mmoja tu wa kuchelewa. Lakini ni wangapi waliorudia darasa? Ni wangapi waliokaa nyumbani kwa kukosa karo? Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mnamo Januari 2003, watoto wengi waliokuwa wameachwa nyuma walirejea darasani wakiwa wamepita umri wa kawaida. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na miaka 84, na taifa zima likampigia makofi. Twawezaje kumsifu mzee kwa kuchelewa kusoma, kisha tukamtazama kijana aliyechelewa miaka miwili kana kwamba ni mwizi?

Mfano wa karibu zaidi ni janga la korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wote hawakurejea hadi Januari 2021. Mwaka ulipotea kwa kila mtu, lakini saa ya umri haikusimama hata dakika moja. Kijana aliyekuwa na miaka 17 wakati huo alirudi akiwa amekaribia 18, huku akisalia katika darasa lile lile. Huko Marekani, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, NCAA, huhesabu hasa misimu ambayo mwanafunzi amecheza, na janga lilipoingia kiliwaongezea wanamichezo msimu mmoja. Hatulazimiki kuiga kila kitu cha Marekani, maana vyuo vyao vina mabilioni ya fedha na kesi zake. Hata hivyo, mfano huo unaonyesha kwamba sheria inaweza kuwa thabiti na bado ikatambua msiba usioletwa na mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Wapo wanaodhani kwamba sayansi itatuondolea kero hii. Kwa hakika, tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI kuchunguza mifupa ya kifundo cha mkono. Nigeria yenyewe ilikuwa imefungiwa na FIFA mwaka 1989 kwa udanganyifu wa umri. Januari 2023, shirikisho la kandanda la Cameroon lilitangaza kwamba wachezaji 21 kati ya 30 wa kikosi chake cha chini ya miaka 17 walikuwa wameanguka katika kipimo hicho. Kipimo kina nguvu, lakini nguvu yake inakoma hapo. Mifupa ya kifundo hukamilika kuungana kijana anapovuka miaka 17, na baada ya hapo picha haiwezi kumtenga kwa uhakika wa miaka 18 na wa miaka 21. Kwa ukomo wa miaka 19, basi, tunabaki na karatasi.

Na karatasi huandikwa na watu wazima. Mvulana wa kidato cha tatu hana muhuri wala hajazi fomu ya usajili wa wachezaji. Panapokuwa na cheti cha kughushi, karibu kila mara pana mzazi, mwalimu, mfadhili au karani aliyejua. Lakini adhabu inapotolewa humwangukia nani? Timu hufunganya virago. Wachezaji wengine wote, waliofanya mazoezi alfajiri kwa mwaka mzima na ambao hawakuwahi kuona cheti cha mwenzao, hupanda basi kurudi shuleni. Wahenga walisema kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na sisi wa Kakamega, tuliozoea kuwatazama fahali wakipambana, tunaijua methali hiyo kwa macho.

Najua jibu litakalotolewa. Timu isipoadhibiwa, kila shule itajaribu bahati yake, na waliofungwa na timu yenye mtu mzima hawatapata haki yao. Ni kweli. Mechi iliyochezwa na mtu asiyestahili haina budi kupokonywa ushindi, na katika mashindano ya mtoano kupokonywa mechi ni kutoka. Lakini hoja hii inatufundisha kwamba uchunguzi unaofanywa baada ya nusu fainali umechelewa, kwani wakati huo hakuna uamuzi usiomdhulumu mtu. Ukifanywa kabla ya mechi ya kwanza, anayeachwa nje ni yule mmoja tu.

Njia ya kufanya hivyo ipo. Kila mtoto ana tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa katika rekodi za shule ya msingi, kabla ya mtu yeyote kujua kwamba siku moja atapiga mpira wa kona ukaingia moja kwa moja. Tarehe hiyo ndiyo iwe msingi, si cheti kilichotolewa wiki mbili kabla ya mashindano. Orodha za wachezaji zibandikwe muhula wa kwanza, na pingamizi zipokewe kwa muda maalumu. Muda huo ukiisha, rufaa zikubaliwe tu pale ushahidi mpya wa kughushi unapojitokeza. Anayeshutumiwa asikilizwe, maana Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu uamuzi wa haki. Na mwenye uthibitisho kwamba alipoteza mwaka kwa ugonjwa au janga aongezewe msimu mmoja, usiozidi huo.

Aliyeghushi naye atafutwe. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Adhabu, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ina mamlaka ya kumfuta mwalimu katika sajili yake. Kuifungia shule kwa misimu ijayo huku mwalimu aliyetia sahihi akihamia shule nyingine na kuendelea kufundisha kandanda ni kumwadhibu mtoto kwa dhambi ya mzee.

Limebaki jambo ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Wengi wa vijana hawa husoma kwa sababu ya miguu yao. Shule humchukua mtoto wa maskini, ikamsamehe karo ili aichezee. Siku anapotangazwa kwamba hastahili kucheza, karo huanza kudaiwa, naye hurudi kijijini bila kombe na bila cheti cha masomo. Shule inayompokea mwanafunzi kwa kipawa chake yapaswa kufungwa na ahadi ya kumsomesha hadi mwisho, acheze asicheze. Sharti hilo moja lingepunguza tamaa ya kuwanyakua wachezaji ovyo, kwa kuwa kila mwalimu mkuu angefikiri mara mbili kabla ya kubeba mzigo huo.

Wakati wa kuzirekebisha sheria hizi ni sasa. Mtaala mpya umeigawa elimu upya, na kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Shule ya upili ya miaka mitatu haiwezi kuendelea kutumia hesabu zilizotungiwa ile ya miaka minne. Walimu watakaoketi kuandika sheria mpya wawaite na wanafunzi mezani, kwani hao ndio hupandishwa basi usiku, wakiulizana kosa lao lilikuwa lipi.