Mvinyo wa Miaka Ishirini kwenye Rafu ya Songea

Ulanzi hausubiri mtu. Mgema akishakata ncha ya chipukizi la mwanzi na kutega mbeta, utomvu huanza kuchachuka humo humo. Ukiwa mbichi ni mtogwa, mtamu na mwepesi. Ukilala unakuwa mkangafu. Ukikaa zaidi ni wa kumwaga. Mtu aliyekulia Songea ana kila haki ya kushangaa akiambiwa kwamba upo mvinyo mwekundu wa Australia usionyweka vizuri mpaka utimize miaka kumi, ishirini, na kwamba kadiri unavyozeeka ndivyo bei inavyopaa.

Siri iko kwenye maganda. Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu zake, na humo ndimo inamotoka tanini, ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa mno na majani. Tanini na uchachu huukinga mvinyo usiharibiwe na hewa. Ndani ya chupa, mwaka baada ya mwaka, tanini na rangi hushikana, huwa nzito na kuzama chini kama mashapo. Ukali unapungua, na harufu ya tunda bichi inageuka kuwa ya ngozi, tumbaku na matunda makavu.

Aliyelithibitisha hilo kwa Waaustralia ni Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa kampuni ya Penfolds. Mwaka 1950 alitembelea Bordeaux, Ufaransa, akaona mivinyo mikongwe iliyokuwa bado hai. Aliporudi alitumia zabibu za Shiraz na mwaka 1951 akatengeneza Grange ya kwanza. Walioionja changa waliikataa, na mwaka 1957 wakubwa wake wakamwamuru aache. Hakuacha. Aliendelea kwa siri kwa miaka mitatu, hadi chupa za mwanzo zilipolainika na wakubwa wale wale wakamruhusu kuanzia mwaka 1960. Kwangu mimi hakuna somo la uzeekaji lililo bora kuliko hili: mvinyo ni ule ule, kilichoongezeka ni miaka tu.

Chupa ya Grange ya 1951 imewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000 za Australia. Anayeinunua hanunui ladha, kwa kuwa pengine mvinyo wenyewe umeshapita wakati wake; anataka kukamilisha mkusanyiko wake wa Grange za kila mwaka. Kila chupa inayofunguliwa haina mbadala, na zinazobaki hupanda bei. Wanunuzi nao huongezeka au kupungua: China iliweka ushuru uliofikia hadi zaidi ya asilimia 200 kwa mvinyo wa Australia, ikauondoa Machi 2024.

Kwetu Tanzania gharama huongezeka njiani. Kuna ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa, halafu VAT ya asilimia 18 inayokokotolewa juu ya yote hayo. Mvinyo wa zabibu za nchini hutozwa ushuru wa bidhaa ulio mdogo zaidi, ndiyo maana chupa ya Dodoma ina nafuu.

Lakini bei kubwa haikuhakikishii kitu. Mvinyo huzeeka vizuri gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 15 hivi, bila kupanda na kushuka. Chupa ya Songea imesafiri karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, mara nyingi chini ya turubai la lori, kisha ikasimama dukani chini ya taa. Baridi ya Juni na Julai haifuti joto la Oktoba. Na mivinyo mingi ya madukani, hata ya Australia, imetengenezwa inywewe ndani ya miaka michache.

Kwa hiyo usiulipie umri uliopatikana rafuni. Ishike chupa, uitazame shingoni. Kizibo kikiwa kimesukumwa juu, au chini ya kifuniko pananata, joto limeshafanya kazi yake. Nafasi kati ya mvinyo na kizibo ikiwa kubwa, hewa imeingia. Kama ni mvinyo wa kunywa wiki hii, chukua ulio mchanga. Wa Dodoma haukosekani, maana kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Na ukiletewa chupa kongwe iliyotunzwa kweli, isimamishe siku nzima ili mashapo yatulie. Imimine polepole kwenye jagi mbele ya mwanga, uache pale weusi unapofika shingoni, kisha uinywe jioni ile ile.