Homa ya Ini ya C: Kuvisaka Virusi Katika Ini Jipya (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza namna virusi vya homa ya ini ya C, vilivyotambuliwa mwaka 1989 na Michael Houghton na wenziwe huko Marekani, vinavyolila ini miaka mingi pasi na mgonjwa kuhisi maumivu. Leo twamwangalia yule aliyekwisha kupandikizwa ini la mtu mwingine, ambaye jamaa zake, kwa furaha, hudhani kuwa maradhi yameondoka pamoja na ini lililotolewa. La, hasha! Ikiwa damu yake ilikuwa na virusi siku ya kupasuliwa, ini jipya huanza kushambuliwa saa zile zile za mwanzo.

Kipimo kilichozoeleka hutafuta kingamwili, nacho hapa hakitoshi. Aliyekwisha kupona hubaki nazo miaka mingi, basi kuonekana kwake si ushahidi wa ugonjwa ulio hai. Na aliyepandikizwa, ambaye hana budi kumeza dawa za kuuzuia mwili usilikatae ini la kigeni, kinga yake imedhoofishwa kwa makusudi, hata pengine mwili hushindwa kuziunda ilhali virusi vimejaa tele damuni.

Kwa hiyo hutafutwa virusi vyenyewe. Maabarani, majimaji ya damu hutengwa upesi na chembechembe zake, maana RNA ya virusi huharibika haraka. Kisha RNA hiyo hugeuzwa DNA, ikapashwa moto na kupozwa, na kila mzunguko ikiongezeka maradufu, hata nakala 1 ikazidi bilioni 1 baada ya mizunguko 30. Nami sijaona katika utabibu kazi nyingine inayokifanya kilichofichika kiwe bayana namna hii.

Yakini hiyo ni ya lazima, kwani mwili unapolikataa ini, dalili zake hufanana mno na za virusi, hata kipande cha ini kikitazamwa kwa darubini huweza kumtia tabibu shakani. Naye akikosea, akazidisha dawa za kuishusha kinga, huwa amevipa virusi nafasi ya kustawi.

Tangu mwisho wa 2013 vimepatikana vidonge vinavyowaponya walio wengi, hata waliopandikizwa. Lakini msomaji, ukiwa na mgonjwa wa namna hii, usiridhike na majibu ya kingamwili: omba kipimo cha RNA, nawe ukiombe tena majuma 12 baada ya dozi kwisha, kwani hapo ndipo hukumu ya kupona hutolewa.