Neno la siri lilianza kwa uhaba wa kompyuta

Wazee wetu wanapoingia saiba kutafuta cheti kwenye eCitizen, jambo la kwanza linalowakera ni neno la siri. Mbona kila kitu kina neno lake? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na jawabu lake linaanzia mbali: chuo cha MIT kule Marekani, zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Kompyuta za siku hizo zilijaza chumba na kugharimu mamilioni ya dola. Mtumiaji hakukaa mbele yake. Programu ilitobolewa kwenye kadi, ukamkabidhi mhudumu, ukenda zako. Majibu yalikuja baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake. Ukikosea koma moja, urudi nyuma ya foleni. Aliyewahi kufuatilia kitambulisho anaijua adha hiyo.

Mwaka 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo walioupa jina CTSS. Wazo lao lilikuwa jepesi: binadamu ni mzito, mashine ni nyepesi. Wakati wewe unafikiri au unapapasa herufi, kompyuta imekaa bure. Basi na imhudumie mwingine kwa muda mfupi mno, kisha mwingine, kisha irudi kwako kabla hujahisi. Ni kama muuza kahawa mwenye dele moja: ammiminia huyu, ammiminia yule, na kabla wa kwanza hajamaliza kikombe chake ameshaizunguka baraza nzima. Baadaye watu kama 30 waliweza kuitumia mashine moja kwa pamoja, kila mmoja kwenye chombo mfano wa taipureta, akidhani ni yake peke yake.

Lakini mkiwa wengi ndani ya nyumba moja, panataka kuta. Programu yangu isiharibu yako, faili zangu usizisome bila ruhusa, na saa nilizopangiwa usizimalize wewe. Hapo ndipo neno la siri lilipoingia kwenye kompyuta. Halikuletwa kwa hofu ya majambazi wa mtandaoni, kwani mtandao wenyewe haukuwapo. Lililetwa kugawa kilichokuwa haba.

Na halikukaa siku nyingi kabla ya kuvunjwa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamifu, Allan Scherr, alikuwa amepewa saa 4 kwa wiki, nazo hazikumtosha kwa utafiti wake. Akapeleka kadi ya kuomba faili ichapishwe, na faili aliyoitaja ni ile yenye maneno ya siri ya watu wote. Ikachapishwa! Mwaka 1966 likazuka kubwa zaidi: faili mbili zilibadilishana nafasi kwa bahati mbaya, na kila aliyeingia kwenye mfumo, badala ya kupokelewa na tangazo la siku, akachapiwa orodha nzima ya maneno ya siri.

Mengine tunayoyatumia leo yana asili hiyo hiyo. Mwaka 1965 Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika amri ya kumwachia ujumbe mtumiaji mwenzako ndani ya CTSS, mmoja wa mababu wa baruapepe. Mrithi wa CTSS aliitwa Multics, mradi mkubwa wa MIT, General Electric na Bell Labs. Bell Labs ilijitoa mwaka 1969, na wataalamu wake Ken Thompson na Dennis Ritchie wakatengeneza mfumo wao mdogo, Unix, jina la kuitania Multics. Multics ya mwisho ilizimwa Oktoba 2000 huko Halifax, Kanada. Unix ikazaa fikra, na kwa mfano wake Linus Torvalds wa Finland akaanza kuandika Linux mwaka 1991. Linux ndiyo iliyo chini ya Android.

Hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Simu yako ina mwenyewe mmoja, lakini ndani Android huipa kila programu namba yake ya mtumiaji, kana kwamba ni mwanafunzi mwingine wa MIT. Ndiyo maana mchezo aliopakua mtoto hauwezi kujisomea tu faili za programu ya benki. Ukuta uliojengwa kwa sababu ya uhaba umebaki, hata baada ya uhaba kuondoka.

Huku kwetu uhaba haujaondoka wote. Wako wengi wasio na simu ya intaneti wala baruapepe, na huduma za serikali zimehamia mtandaoni kana kwamba kila raia ana chombo chake. Hivyo kijana wa saiba humfungulia mzee akaunti kwa baruapepe yake yeye kijana, humchagulia neno la siri, kisha huliandika kwenye daftari lililo juu ya meza, wazi kwa kila apitaye. Simlaumu kijana, anasaidia, na foleni ni ndefu. Ila anayeshika baruapepe au namba ya simu iliyoandikishwa ndiye anayepokea msimbo wa kubadilisha neno la siri, na anayepokea msimbo ndiye mwenye akaunti, hata kama cheti ni cha mzee.

Kwa hiyo ukimpeleka mzazi wako saiba, sisitiza iandikishwe namba yake au ya mtoto wake, neno la siri aliandike yeye au wewe, na msiinuke kabla ya kubonyeza pa kutokea. Na kama jina lake limo kwenye daftari lile, libadilisheni neno hilo wiki hii.