Kuteleza kwenye theluji Colorado: Foleni, dola 300 na mlima uliofurika watu

Kila Wamarekani wanapopata Jumatatu ya mapumziko katikati ya majira ya baridi, maelfu ya wakazi wa Denver na vitongoji vyake hufunga mabegi na kuelekea upande mmoja tu: magharibi, kwenye milima ya Rocky. Wanakwenda kuteleza kwenye theluji. Na siku hizi, ndugu wasomaji, miongoni mwao wamo pia Waswahili wenzetu wanaoishi Denver na Aurora, ambao watoto wao waliozaliwa huku hawataki kusikia habari ya kukaa ndani na kuiangalia theluji kupitia dirishani.

Vipindi vinavyotia fora kwa msongamano ni vitatu. Cha kwanza ni siku zilizoko kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Cha pili ni wikiendi ya Martin Luther King, ambayo Jumatatu yake ni ya tatu ya mwezi Januari na ilianza kuadhimishwa kitaifa mwaka 1986. Cha tatu ni wikiendi ya Siku ya Marais, Jumatatu ya tatu ya Februari. Nyakati hizo mlima huwa kama soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Sisi tumekwenda huko zaidi ya mara moja katika wikiendi hizo, na kila tunaporudi tunaulizwa swali lile lile na wenzetu: je, inafaa kuipeleka familia huko siku ya sikukuu, au ni kwenda kupukutisha mfuko na kuumia bure? Jibu si fupi, lakini tutajaribu kulieleza.

Tuanze na barabara, maana ndiko taabu inakoanzia. Kutoka Denver kwenda kwenye vituo vingi vikubwa vya kuteleza kuna barabara kuu moja tu, nayo ni I-70. Barabara hiyo hupenya mlima kwa handaki la Eisenhower, lenye urefu wa karibu kilomita 2.7. Upande wake wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1973, na wa pili, wenye jina la Johnson, ukafunguliwa mwaka 1979. Idadi ya watu wa Denver imeongezeka sana tangu wakati huo, lakini handaki ni lile lile, na njia ni mbili tu kwa kila upande.

Vail iko kilomita 160 hivi kutoka Denver. Siku ya kawaida ni mwendo usiofika saa mbili. Siku ya sikukuu, hasa theluji inapoanguka, safari hiyo inaweza kuchukua saa nne au zaidi. Wale wanaoikumbuka foleni ya Ubungo ya enzi zile, kabla ya barabara za juu kufunguliwa mwaka 2021, watajisikia wako nyumbani. Tofauti ni kwamba huku hakuna mtu wa kukuuzia korosho na maji baridi dirishani, na ukizima injini unaganda.

Serikali ya jimbo imejaribu kupunguza tatizo hilo. Mwaka 2015 ilifungua njia ya kulipia kwa magari yanayorudi Denver, na mwaka 2021 ikafungua nyingine kwa yanayokwenda milimani. Njia hizo husaidia, lakini bei yake hupanda kadiri foleni inavyokuwa kubwa. Mwenye fedha anapita, mlalahoi anasubiri.

Jambo ambalo wenzetu wengi hawalifahamu ni sheria ya tairi. Kuanzia Septemba hadi Mei, kwenye kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kila gari dogo linatakiwa liwe na tairi zinazofaa kwa theluji, au liwe limebeba minyororo ya tairi au kifaa kingine kinachokubalika. Hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halisamehewi kama tairi zake zimelika. Kashata ya tairi isipungue karibu milimita 5. Ukikamatwa unalipa faini inayozidi dola 100, na gari lako likikwama na kuziba barabara, faini hiyo huvuka dola 600. Kwa mbeba boksi, hiyo ni kodi ya nyumba inayeyuka kama barafu juani.

Ukishafika, unakutana na kisa cha pili, yaani bei. Tiketi ya siku moja ya kupanda mlima kwa lifti pale Vail, ukiinunua dirishani katika siku za kilele, sasa inazidi dola 300 kwa mtu mzima. Kima cha chini cha mshahara cha jimbo la Colorado mwaka 2025 kilikuwa dola 14.81 kwa saa. Kwa hiyo mtu anayelipwa kima hicho anahitaji zaidi ya saa 20 za kazi ili alipie siku moja tu ya kuteleza, tena kabla ya kukatwa kodi, kabla ya kukodi vifaa na kabla ya kununua hata kikombe cha supu.

Kwa nini basi watu wamejaa wakati bei ni kubwa kiasi hicho? Hapa ndipo palipo na siri ya biashara yenyewe. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ilianzisha pasi ya msimu mzima iitwayo Epic, iliyouzwa dola 579. Mwaka 2018 washindani wake wakaja na pasi ya Ikon. Pasi hizi hununuliwa mapema, kabla msimu haujapamba moto, na mwenye nayo anaweza kuteleza siku nyingi katika milima mingi. Kampuni hupata fedha zake hata kama theluji haikuanguka, na tiketi ya siku moja hupandishwa bei ili kila mtu aone afadhali anunue pasi.

Matokeo yake ni kwamba aliyelipa tangu Septemba anataka kuitumia pasi yake, na siku anazopata nafasi ni zile zile ambazo kila mtu ana nafasi. Msimu wa 2022/23 vituo vya Marekani vilihesabu siku za kuteleza milioni 65.4, ambayo ilikuwa rekodi. Baadhi ya pasi za bei nafuu zimewekewa siku ambazo haziruhusiwi katika vituo fulani, na siku hizo ni hizi hizi za sikukuu. Kwa hiyo soma masharti kabla hujamuahidi mtoto.

Mlimani kwenyewe, foleni ya lifti ya viti asubuhi ya Jumapili ya sikukuu inaweza kukuweka nusu saa na zaidi, ili uteleze kwa dakika tano au kumi. Katika kituo kimoja ambacho jina lake tunaliweka kapuni, tulikuta maegesho yamejaa kabla ya saa tatu asubuhi, na magari yakirudishwa watoto wakiwa tayari wamevaa buti za kutelezea.

Hata hivyo, foleni si lolote si chochote ukilinganisha na suala la usalama. Mlima unapojaa, njia nyepesi zenye alama ya kijani, ambazo ndizo za wanaojifunza, hupitiwa pia na mabingwa wanaoshuka kasi kurudi chini. Sheria ya usalama wa michezo hii ya Colorado ya mwaka 1979 inasema wazi kwamba anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake. Ukimgonga mtu, ni kosa kuondoka bila kujitambulisha. Mfundishe mwanao hilo kabla hajavaa vifaa, na umwambie asisimame katikati ya njia au nyuma ya kilima ambako anayeshuka hawezi kumuona.

Suala jingine ni kofia ngumu. Sheria ya Colorado haimlazimishi mtu mzima kuivaa, lakini tusingoje kulazimishwa. Machi 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka kwenye mteremko wa wanaojifunza huko Mont Tremblant, Canada, akiwa hana kofia. Aliinuka, akajiona mzima, akakataa matibabu. Siku mbili baadaye alikuwa marehemu kwa sababu ya damu iliyovuja ndani ya kichwa. Bingwa wa mbio za magari Michael Schumacher alivaa kofia alipogonga kichwa kwenye mwamba huko Meribel, Ufaransa, tarehe 29 Desemba 2013, na bado aliumia vibaya sana. Kofia hupunguza madhara, haiondoi hatari. Mtu akigonga kichwa, hata kama anacheka na kuongea, apelekwe kwa waokoaji wa mlima aangaliwe.

Kuna pia karatasi unayotia saini ya kukubali kwamba ukiumia hutamshitaki mwenye mlima. Wengi wetu tunaitia saini bila kuisoma. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba karatasi hiyo haimkingi mwenye kituo pale anapodaiwa kuvunja sheria au kanuni za jimbo. Kesi yenyewe ilihusu binti aliyeanguka kutoka kwenye lifti ya viti. Ni vizuri kuufahamu uamuzi huo, ingawa vizuri zaidi ni kuhakikisha mtoto mdogo hapandi lifti peke yake.

Halafu kuna suala la hewa. Handaki la Eisenhower liko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wataelewa: ni juu kuliko Mandara na chini kidogo ya Horombo. Lifti ya juu kabisa ya Breckenridge hufika zaidi ya mita 3,900. Aliyetua jana yake kutoka Houston au Minneapolis anaweza kupatwa na kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Anywe maji mengi, apunguze pombe, alale Denver usiku wa kwanza. Kichwa kikizidi kuuma, dawa ni kushuka.

Tusiwasahau pia wanaoifanya likizo ya wengine iwezekane. Vyumba vya hoteli husafishwa, vyombo huoshwa na theluji huondolewa njiani na wafanyakazi ambao wengi wao ni wahamiaji, wakiwamo ndugu zetu Waafrika. Nyumba katika miji hiyo ni ghali mno, hivyo wengi huishi mbali na kulala saa chache.

Tarehe 27 Desemba 2024, katikati ya sikukuu zenyewe, waokoaji wapatao 200 wa mlima wa Park City katika jimbo jirani la Utah waligoma. Walidai mshahara wa kuanzia upandishwe kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa. Hawa ndio wanaolipua theluji inayoweza kuporomoka na kuwabeba majeruhi. Bila wao mteremko haufunguliwi. Sehemu kubwa ya mlima ilibaki imefungwa, na maelfu ya watalii waliolipa fedha nyingi walijikuta kwenye foleni ndefu kupindukia. Januari 8, 2025 mgomo ulimalizika kwa makubaliano ya nyongeza. Dola mbili kwa saa ndizo zilizokuwa zikibishaniwa, mahali ambapo tiketi ya siku moja inauzwa mamia ya dola!

Baada ya yote haya, yuko atakayesema kwamba mchezo huu si wa kwetu, ni wa Wazungu matajiri. Hapo hatukubaliani naye. Mwaka 1973 Wamarekani weusi wawili, Ben Finley na Art Clay, walivikusanya vilabu 13 vya watu weusi huko Aspen, na hapo ndipo ulipozaliwa umoja wa National Brotherhood of Skiers. Mwaka 2023 umoja huo ulisherehekea miaka 50 pale Vail. Na Mkenya Philip Boit alishiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika mbio za kilomita 10 kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, lakini mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri mstari wa mwisho ili amkumbatie. Miaka 20 baadaye, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika kuteleza mlimani kwenye Olimpiki ya Pyeongchang.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kama unaweza kupata ruhusa kazini, nenda Jumanne au Jumatano badala ya wikiendi ya sikukuu. Kama huwezi, toka nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, au acha gari na upande basi la Snowstang, lililoanza safari za wikiendi mwaka 2019. Wanaojifunza hawana sababu ya kwenda Vail: mlima wa Loveland uko upande wa Denver wa handaki, una eneo lake la wanaoanza, na bei yake ni ya chini sana. Vifaa vikodi mjini, si mlimani. Kwa watoto wa darasa la 3 hadi la 6, ulizia pasipoti ya Colorado Ski Country, ambayo kwa ada isiyofika dola 100 huwapa siku za kuteleza katika vituo kadhaa kwa msimu mzima. Na lipia somo la kwanza la mwalimu, usimfundishe mwanao jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui.

Ukishindwa yote hayo, kuna vilima vya bure katika bustani za Denver na Aurora, na sleji ya plastiki ni dola chache tu. Mtoto atakayeserereka hapo hadi jioni atalala usingizi ule ule wa mtoto wa Vail, na baba yake hatakuwa na deni la kadi la kulipa hadi mwezi wa Juni.