Usimtoroke Mtoto Mlangoni

Somo: 1 Samweli 1:21–28, Yohana 14:1–3

Asubuhi ya leo tunasema nanyi wazazi ambao kila siku huwapeleka watoto wadogo kwa mlezi kabla ya kwenda kazini. Tunaijua shida ya saa ile. Mtoto ameshika nguo ya mama, analia kwa sauti kuu, na matatu haingoji. Basi wengi wamefundishwa hila: mtoto apewe kitu cha kuchezea, na akigeuka tu, mama anyate atoke kimya.

Hila hiyo humwepusha mama na machozi ya leo, lakini huzaa hofu ya kesho. Mtoto hujifunza kwamba mama aweza kutoweka wakati wowote. Kesho yake hatacheza tena. Atamng'ang'ania hata akienda jikoni.

Kwanza tuelewe kilio chenyewe. Mtoto huanza kuogopa kuachwa anapokaribia miezi 8, na hofu hiyo huwa kali mpaka mwaka na nusu hivi, kisha hupungua kidogo kidogo. Si ukaidi. Ni dalili kwamba amemjua mama yake. Miaka ya 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama 26 wa Kiganda vijijini karibu na Kampala, akiwatazama watoto wao. Aliona mtoto akitambaa mbali na mama ili kutazama vitu, kisha akimrudia, halafu akienda tena. Mtoto mwenye hakika ya mama yake ndiye apataye ujasiri wa kwenda mbali.

Sasa tutazame Maandiko. Hana hakumwacha Samweli mlangoni pa nyumba ya Bwana akakimbia. Alingoja mpaka alipomwachisha ziwa, akamleta mwenyewe, akamkabidhi kwa Eli na kumweleza habari zake. Naye Bwana Yesu, saa ya kuwaacha wanafunzi wake ilipokaribia, hakuwaficha. Aliwaambia wazi kwamba anakwenda, na kwamba atarudi. Walihuzunika, lakini hawakudanganywa.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Siku chache kabla ya kuanza, mama au baba akae na mtoto pale kwa muda, azoee sura ya mlezi. Asubuhi tuamke mapema, mtoto anywe uji wake bila kukemewa. Tumtilie leso ya mama katika mfuko wake, maana harufu ya nyumbani hutuliza. Tukifika, tumtie mikononi mwa mlezi. Tumwombee kwa maneno machache, tumwambie: "Mama anakwenda kazini. Ukisha kula na kulala, mama atakuja." Mtoto hajui saa 11 ya jioni, lakini anajua chakula na usingizi. Kisha twende, kuaga mara tatu huongeza kilio. Mara nyingi machozi hukauka upesi mzazi akisha kuondoka. Jioni tumwulize mlezi. Lakini mtoto akikataa kula siku nyingi, au akionekana na alama mwilini, tusimnyamazishe; tuichunguze nyumba ile.

Zaidi ya yote, turudi kama tulivyosema. Siku moja tutamfundisha mtoto huyu habari za Mungu asiyemwona, ambaye ameahidi kuja tena. Neno "ahadi" atakuwa amekwisha kulijifunza kwetu, pale mlangoni, kila asubuhi na kila jioni. Je, atakuwa amejifunza nini?

Na tuombe. Ee Baba yetu, wewe hutuachi kamwe. Walinde watoto wetu mchana kutwa, uwape walezi wao moyo wa upole, na utufanye sisi wazazi kuwa watu wa kweli. Kwa jina la Yesu. Amina.