Nazi moja, kazi mbili: chunguni na mwilini

MWEZI wa Julai una faida moja kwa mkazi wa Nairobi anayetumia mafuta ya nazi: humfichulia uongo. Baridi ya alfajiri inaposhuka chini ya nyuzi 15, mafuta halisi ya nazi huganda chupani yakawa meupe kama samli, kwani huanza kushikana pindi joto linapopungua chini ya nyuzi 24 hivi. Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya alinunua chupa mbili katika duka moja jijini, zote zikiwa na picha ya mnazi na maandishi ya kujigamba kwamba yaliyomo ni ya asili tupu. Moja iliganda. Ya pili ilibaki majimaji hadi Agosti ikapita.

Ni kweli kwamba yapo mafuta ya nazi yanayotenganishwa viwandani kwa makusudi ili yasigande. Hata hivyo, chupa ile haikutaja lolote kuhusu hilo, na harufu yake ilikuwa ya manukato ya dukani wala si ya nazi. Kilichokuwamo hakijulikani hadi leo. Na mafuta hayo yalikuwa yamekusudiwa mtoto mchanga.

Wasiwasi huu si wa bure. Vipodozi vinavyouzwa kwa jina la asili vimepata soko kubwa katika miji yetu, na baadhi ya vile vya kung'arisha ngozi vimewahi kupatikana na zebaki, madini yanayodhuru figo na mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu mataifa yaliyopitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013 yaliviweka vipodozi vya aina hiyo katika orodha ya bidhaa zinazopaswa kukomeshwa. Mama anayesimama mbele ya rafu ya duka hana maabara. Ana macho yake na maneno ya muuzaji tu.

Ilhali nyanya zetu wa Pwani, kuanzia Vanga hadi Kiunga, hawakuwa na haja ya kusoma maandishi yoyote. Nazi waliivunja wenyewe, wakaikuna, wakaikama, na tui lile lile lililoungia mchuzi wa mchana likatoa mafuta ya kupaka nywele jioni. Ujuzi huo haujapotea. Kinachohitajika ni nazi, mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kuchujia na saa mbili tatu za subira.

Tuanze sokoni, maana nazi mbovu haitengenezeki. Itikise karibu na sikio. Ikiwa imekomaa vizuri utayasikia maji yakicheza ndani. Kisha itazame macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe mahali ulipoitoa. Hata baada ya kuivunja, ukiona madoa ya ukungu ndani au ukanusa uchachu, itupe yote, usikate sehemu iliyoharibika ukatumia nyingine. Ukungu unaoota katika vyakula vilivyohifadhiwa vibaya huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, na Wakenya hawahitaji kukumbushwa makali yake: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi ndiyo yaliyolaumiwa wakati huo, lakini mbata, yaani nazi iliyokaushwa, nayo hushambuliwa na ukungu wa jamii hiyo inapoanikwa vibaya.

Nazi ikishakunwa, mimina maji vuguvugu kikombe kimoja, ivuruge kwa mkono kwa dakika chache, kisha ikame kwenye kifumbu. Tui hili la kwanza, zito na lenye mafuta mengi, ndilo linaloitwa kasimile. Liweke kando. Ongeza maji vikombe viwili katika machicha yale yale ukame tena. Hilo ni tui la pili, jepesi. Wapishi wageni wa kazi hii huchanganya matui yote mawili katika sufuria moja mwanzoni, na hapo ndipo chakula kinapoharibikia.

Chukua mfano wa mbaazi za nazi, kitoweo cha asubuhi ambacho Mombasa huliwa kwa mahamri. Vikombe viwili vya mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha, maji hayo yakamwagwa, zikachemshwa kwa maji mapya hadi ziwe laini kabisa. Tui la pili hutiwa sasa, pamoja na kitunguu kilichokatwa, pilipili mbichi nzima, bizari kidogo na chumvi, zikaachwa zitokote hadi tui liingie ndani ya mbaazi. Kasimile hutiwa mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, huku mpishi akikoroga taratibu bila kuacha. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Halina madhara likikatika, ila mchuzi hupoteza ule ulaini wake, na mkwe aliyekuja kutembea ataliona hilo hata asiposema.

Ubora wa kitoweo hiki hauko katika nazi peke yake. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, nazo nazi huzipa mafuta yanayoshibisha. Vivyo hivyo kwa mchicha wa nazi, kunde za nazi na samaki wa kupaka. Nazi ni kiungo kinachokifanya chakula chenye afya kilike kwa hamu.

Lazima hapa tuseme jambo ambalo wauzaji wa mafuta haya hawapendi kulisikia. Kati ya kila gramu 100 za mafuta ya nazi, gramu zaidi ya 80 ni mafuta yaliyokolea, yale ambayo wataalamu huyahusisha na kuongezeka kwa lehemu mbaya katika damu. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 11 au 12 za mafuta hayo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza yasizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, ambayo kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku ni kama gramu 22. Vijiko viwili tu vinatosha kuufikia mpaka huo, kabla hata ya kuhesabu maziwa na nyama. Mwaka 2017 Shirika la Moyo la Marekani lilishauri watu wasiyatumie mafuta ya nazi kama mafuta yao ya kupikia.

Wapo wanaojibu kwamba watu wa Pwani wameila nazi karne na karne. Hoja hiyo ina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 kuhusu wakazi wa visiwa vya Pukapuka na Tokelau katika bahari ya Pasifiki, ambao sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa nazi, ulionyesha kuwa maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa machache miongoni mwao. Lakini watu hao walikula nazi yenyewe pamoja na samaki, wala hawakuizoea sukari na vyakula vya viwandani. Ni tofauti kabisa na mtu wa mjini anayekaanga viazi kila jioni kwa mafuta ya nazi kwa kuwa aliambiwa yanapunguza unene. Tui la nazi moja katika chungu kinacholiwa na watu sita halimtishi mtu mwenye afya njema. Kunywa mafuta kwa kijiko kila asubuhi kama dawa ni jambo ambalo mwandishi huyu hawezi kumshauri yeyote, sembuse mwenye shinikizo la damu au lehemu nyingi.

Turudi kwenye kasimile. Ukitaka mafuta, kama nazi nne au tano bila kuongeza maji mengi, uliache tui lote katika chombo kipana kwa saa kadhaa mahali penye baridi. Sehemu nzito itapanda juu. Iengue kwa upawa uitie katika sufuria yenye kitako kizito, juu ya moto mdogo wa makaa au wa gesi. Mwanzoni itachemka kwa kelele, kwa kuwa maji bado yangalimo. Koroga mara kwa mara ili isishike chini. Polepole zitajitokeza chengachenga nyeupe, zitageuka rangi ya dhahabu, na mafuta maangavu yatatengana nazo. Sikiliza: mlio wa kutokota unapofifia, maji yamekwisha. Epua hapo hapo. Ukingoja chengachenga ziwe nyeusi, mafuta yatanuka moshi na hutapenda kuyapaka.

Yaache yapoe kidogo, yachuje kwa kitambaa safi kikavu, uyatie katika chupa ya kioo iliyokaushwa juani. Nazi nne kubwa huweza kutoa kama kikombe kimoja, pengine pungufu, kutegemea ukomavu wake. Tone moja la maji likiingia chupani ndilo huanzisha uharibifu, kwa hivyo asichovye mtu kidole kilicholowa. Mafuta yaliyotengenezwa vizuri hukaa miezi mingi. Yakianza kunuka vibaya, yatupe. Zile chengachenga za dhahabu usizitupe lakini. Watoto huzigombania, hasa zikinyunyizwa sukari kidogo.

Je, yanafaa kweli mwilini? Katika jambo hili sayansi imewaunga mkono nyanya zetu kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, wakaona kwamba ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu ni kwamba asidi ya loriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta haya, ina molekuli ndogo zilizonyooka zinazoweza kupenya ndani ya unywele. Mwaka uliofuata, watafiti wa Ufilipino waliyajaribu kwa watu wenye ngozi kavu na kuona yanalainisha ngozi sawasawa na mafuta ya madini yanayouzwa madukani. Mwaka 2014 majaribio mengine ya huko Ufilipino, ya wiki nane kwa watoto wenye ukurutu usio mkali sana, yalionyesha kuwa mafuta safi ya nazi yaliwasaidia zaidi kuliko mafuta ya madini.

Matumizi yake ni mepesi. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka kiasi kidogo. Kazi yake ni kuyafungia maji yaliyomo ngozini yasitoke. Kwa nywele, yapake usiku kuanzia katikati hadi ncha, ujifunge kitambaa, uoshe asubuhi. Machicha yaliyokamwa vizuri hutumika kusugulia miguu na viwiko siku ile ile, kwa mkono mwepesi. Nao wanaofuata mila za Pwani huongeza liwa iliyosagwa kwa marashi ya mawaridi, kama somo amwandaavyo bibi harusi, ingawa hayo yanahitaji makala yake mahsusi.

Mwenye uso wa chunusi asiyapake usoni, kwa kuwa huziba vinyweleo. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika ajaribu kwanza tone moja ndani ya mkono na kungoja siku moja. Wala yasichukuliwe kuwa kinga ya jua. Kosa hili ni la hatari zaidi kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwanyemelea tangu ujanani. Hao wanahitaji mafuta maalumu ya kujikinga na jua, kofia pana na mikono mirefu. Serikali ina mpango wa kuwagawia mafuta hayo kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Aliyeungua moto asipakwe mafuta ya aina yoyote, yawe ya nazi au mengine. Mmwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha mpeleke hospitalini ikiwa jeraha ni kubwa au aliyeungua ni mtoto. Kitovu cha mtoto mchanga nacho kisiguswe na mafuta haya. Kiachwe kikavu au kipakwe dawa iliyotolewa kliniki, basi.

Vilevile, tusidhani kuwa kila kilicho jikoni ni rafiki wa ngozi. Ndimu ikipakwa usoni kisha mtu akatoka juani huweza kuunguza na kuacha mabaka meusi kwa wiki nyingi, kwa sababu ina kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi huichubua kama kilichochomwa. Asali, pamoja na sifa zake zote, haipewi mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, hata kwa kulambishwa tu, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu unaolegeza misuli na kuzuia pumzi. Vyote hivyo ni vya asili.

Kwa anayeanza wiki hii, ushauri ni kununua nazi tano. Moja iungie mbaazi za Jumamosi, nne zitoe mafuta. Tui lililobaki lisilale nje ya jokofu, hasa katika joto la Pwani, kwani huchacha kabla ya jua kuchwa. Machicha mapya wape kuku. Vifuu vianike, vikikauka, hushika moto haraka na kuwaka kwa joto kali, na vitatosha kuchemshia tui la wiki ijayo.