Kwenye Gari la Wagonjwa, Yule wa Nyuma Amesomea Nini?

Tuanze na swali la haraka. Gari la wagonjwa likipita king'ora kikilia, macho yako yanaenda wapi? Wengi wetu tunamwangalia dereva, namna anavyopenya kwenye foleni, tunasema moyoni "Mungu amsaidie awahi." Leo naomba umfikirie mtu wa nyuma, yule anayekaa pembeni ya machela. Je, yupo? Na kama yupo, anajua kufanya nini? Maana kuna wagonjwa ambao hata ukiwapeleka kwa kasi ya ndege, kama hakuna anayewafanyia kitu njiani, hospitali itapokea maiti.

Mtu huyo anaitwa paramediki. Si daktari, si nesi, wala si dereva aliyefundishwa kufunga bandeji. Amesomea kumtibu mgonjwa palepale alipoangukia, na kumlinda mpaka mlango wa hospitali.

Kazi yenyewe ni changa kuliko unavyodhani. Hadi miaka ya 1960, sehemu nyingi za Marekani aliyekuja kukubeba alikuwa ni polisi, au kampuni ya mazishi. Ndiyo, mazishi! Walikuwa na gari refu ambalo mtu anaweza kulala ndani yake, basi. (Mgongano wa maslahi hapo uko wazi, lakini tuendelee.) Katika jiji la Pittsburgh kazi hiyo ilikuwa ya polisi. Wanakulaza nyuma ya gari lao, wao wanakaa mbele, safari inaanza. Nyuma uko peke yako. Ulimi ukiziba koo, hakuna wa kuona.

Aliyeukataa utaratibu huo ni daktari wa usingizi aliyeitwa Peter Safar, mzaliwa wa Vienna. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa Baltimore, alifanya jaribio ambalo leo kamati ya maadili ingelipitisha kwa shida sana. Aliwachukua watu waliojitolea, akawapa dawa za kuwalaza na kulegeza misuli hadi wasiweze kupumua wenyewe, kisha watu wengine wakawapulizia hewa mdomo kwa mdomo huku oksijeni katika damu yao ikipimwa. Hewa hiyo ilitosha kuwaweka hai. Ukishangaa inawezekanaje, angalia hesabu: hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na ile unayotoa bado ina kama asilimia 16. Mapafu yetu hayamalizi chakula kwenye sahani.

Jambo la pili lililoonekana ni dogo kwa kulitazama, lakini hadi leo linafundishwa mwanzoni kabisa. Ulimi ni msuli, na umeshikiliwa kwenye taya la chini. Mtu akizimia akiwa chali, msuli huo unalegea, unarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Ukiinamisha kichwa chake nyuma na kuinua kidevu, taya linauvuta ulimi, koo linafunguka. Hakuna dawa wala mashine. Ni mikono miwili tu, na kujua kwa nini unafanya hivyo.

Mwaka 1966 binti yake Safar alikufa kwa shambulio la pumu. Mwaka uliofuata, pamoja na taasisi ya watu weusi iliyoitwa Freedom House katika mtaa wa Hill District, Safar alianza kuwafundisha vijana wa mtaani hapo kazi ya gari la wagonjwa. Wengi hawakuwa na ajira, na baadhi hawakumaliza sekondari. Walisoma kwa saa 300 hivi: mwili ulivyoundwa, unavyofanya kazi, kurudisha pumzi na mapigo ya moyo, uuguzi, hata kuendesha gari kwa kujihami. Mwaka 1968 wakaingia barabarani, na huduma waliyotoa ilikuwa bora kuliko ile waliyokuwa wakipata matajiri wa jiji hilohilo. Malipo yao? Mwaka 1975 jiji lilianzisha huduma yake, likaifunga Freedom House, na wengi wa wale vijana wakajikuta wamesukumwa pembeni. Ni historia inayouma, na vitabu vingi vya fani hii vilichelewa sana kuisimulia.

Kila mgonjwa na saa yake

Sasa tuje kwenye masomo yenyewe. Mtu wa nje hudhani paramediki anafundishwa vifaa: hiki cha oksijeni, hiki cha kushtua moyo, hii sindano. Vifaa vipo, lakini kwa maoni yangu kiini cha mafunzo ni kitu kingine, nacho ni kujua saa ipi inakimbia. Kila dharura ina saa yake, na zote hazina mwendo mmoja.

Ya kwanza ni saa ya oksijeni. Moyo ukisimama, ubongo unaanza kupata madhara makubwa ndani ya dakika 4 hadi 6 hivi, kwa sababu hauna ghala la oksijeni. Hapo kumkimbiza mgonjwa ni kosa. Ukimbebabeba ngazini na kumtikisa kwenye gari, unakatisha kukandamiza kifua, na kila ukikatisha unalipa. Hata ukikandamiza vizuri kabisa, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 mpaka 6, unasukuma kama robo au theluthi tu ya damu ambayo moyo wenyewe ungesukuma. Presha inayolisha misuli ya moyo inapanda polepole, mkandamizo baada ya mkandamizo. Ukiacha sekunde chache tu, inaanguka, unaanza upya. Ndiyo maana wanafunzi hufundishwa kupokezana kila dakika 2. Usidhani ni uvivu. Mikono huchoka kabla mwenye mikono hajajua kuwa amechoka. Na ndiyo maana mgonjwa wa namna hii mara nyingi hutibiwa palepale sakafuni, ndugu wakipiga kelele "Mpakieni jamani, mnangoja nini!" Kuvumilia kelele hizo nako ni sehemu ya kazi.

(Kwa pembeni kidogo: mdoli wa kufanyia mazoezi haya, unaoonekana karibu kila darasa la huduma ya kwanza duniani, ulitengenezwa mwaka 1960 na Mnorwei Åsmund Lærdal. Biashara yake ya awali ilikuwa wanasesere na vigari vya watoto.)

Saa ya pili ni ya damu, na hii inadanganya. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Akipoteza chini ya asilimia 15, huenda usione chochote. Kati ya asilimia 15 na 30, mapigo ya moyo yanaenda mbio, ngozi inapoa, jasho jembamba linatoka, lakini presha ukiipima bado inasoma vizuri, kwa kuwa mwili unabana mishipa ili kuifidia. Presha hushuka wazi akiwa amepoteza asilimia 30 hadi 40. Kwa hiyo anayesubiri namba ya presha ishuke ndipo ashtuke, amechelewa. Paramediki anafundishwa kushika mkono wa mgonjwa kabla ya kushika mashine: una baridi? mapigo yanakwendaje? mwenyewe ametulia au anahangaikahangaika bila sababu? Kwa watoto mtego ni mbaya zaidi, maana mwili wa mtoto hufidia kwa muda mrefu halafu unaanguka ghafla.

Na hapa uamuzi unageuka kinyume kabisa na ule wa kwanza. Damu ikivuja kwa nje, unabana kidonda kwa nguvu au unafunga juu yake. Ikivuja ndani ya tumbo, hakuna unachoweza kuziba barabarani. Anayehitajika ni mpasuaji. Hapo ndipo unaondoka haraka, na mengine unayafanya gari likitembea. Wagonjwa wawili wote wana hali mbaya, gari ni lilelile, begi ni lilelile, ila mmoja unakaa naye na mwingine unakimbia naye. Kutofautisha hao wawili ndani ya dakika ya kwanza, usiku, kwenye mwanga wa simu, ndicho kinachochukua miezi na miaka kujifunza.

Mama aliyetoka kujifungua

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni huu. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi ni kati ya mililita 500 na 700 kwa dakika. Mtoto akishatoka na kondo likaachia, mfuko unatakiwa ujikaze; misuli yake ikijibana, inabana na mishipa, damu inakata. Usipojikaza, fanya hesabu mwenyewe mama huyo ana dakika ngapi.

Dereva hodari hawezi kuishinda hesabu hiyo peke yake, hospitali ikiwa mwendo wa saa moja. Aliyefundishwa anajua kuweka mkono juu ya tumbo na kuusugua mfuko kwa nguvu mpaka ugumu kama mpira, kumpa dawa ya kuukaza, kuhakikisha kibofu hakijajaa (kikijaa kinauzuia kujikaza), na kumweka mtoto kwenye titi, kwa kuwa kunyonya nako kunasaidia mfuko kubana. Mengi ya hayo hayahitaji umeme.

Tanzania tuna m-mama, ambayo kwa namba 115 inampatia mama au kichanga usafiri wa dharura. Pasipo na gari la wagonjwa, huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika jamii, na analipwa kwa simu. Ni ubunifu mkubwa, naupongeza bila kigugumizi. Lakini unashughulikia umbali. Swali la nani amekaa nyuma linabaki palepale.

Nancy Caroline, daktari aliyekuwa mkuu wa tiba wa Freedom House na aliyeandika kitabu cha kiada cha fani hii akiwa na wale vijana, katika miaka ya 1980 alikuja kufanya kazi Nairobi na AMREF, shirika la madaktari wanaoruka. Kwa hiyo uzi wa Pittsburgh ulifika huku mapema. Huko Kampala nako, katika miaka ya 2000, polisi, madereva wa taksi na viongozi wa mitaa walipewa mafunzo mafupi ya kuokoa majeruhi, kwa sababu ndio wanaofika wa kwanza kwenye ajali. Na idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, kwa hiyo hata upande wa mapokezi bado ni mpya kwetu.

Ukitaka kuingia

Muda wa masomo unatofautiana sana. Afrika Kusini kuna shahada ya miaka 4 ya huduma za dharura, na ndani yake unajifunza pia uokoaji: kamba, maji, magari yaliyobonyea. Marekani ngazi ya mwanzo ni miezi michache, na paramediki kamili husoma zaidi ya saa 1,000.

Ukiona tangazo la chuo, usiishie kwenye picha ya gari jekundu. Uliza kama kozi imesajiliwa (kwa Tanzania, anzia NACTVET). Uliza utakaa saa ngapi wodi ya dharura, chumba cha upasuaji na chumba cha kujifungulia, na si darasani tu. Uliza utasaidia kupumua wagonjwa halisi wangapi chini ya msimamizi kabla ya kuachiwa mwenyewe, maana mdoli haubanwi na matapishi. Uliza nani atakuajiri ukimaliza, na kwa cheo gani. Kisha anza mazoezi ya mgongo na miguu mapema, kwa sababu mgonjwa wa kilo 90 kwenye ghorofa ya tatu isiyo na lifti hashuki kwa nadharia.